Mteja Mwenye Nywele Sita

"Nishikie kioo nyuma nione kisogo," alisema mteja, na kisogo chenyewe kilikuwa upara mtupu.

Kinyozi akakiinua kioo kwa mikono miwili. Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, akaukaripia: "Tulia, mshenzi wewe!" Mteja alikuwa akitazama, midomo ikimchezacheza kama mtu anayesali, mpaka kioo kikashuka.

"Umeridhika?"

"Sana. Jumamosi ijayo, Mungu akipenda."

Alipotoka, mke wa kinyozi akauegemea ufagio wake. "Baba watoto, mtu ana nywele sita na kila Jumamosi anakuja kuzinyoa. Hulioni hilo?"

"Naliona sana. Katumwa na hospitali."

Hospitali alishaipa talaka. Mwaka jana walimwambia kwamba neva zinazoamuru misuli yake zinakufa moja baada ya nyingine, dawa ya kuponya hakuna, ila awe anakuja kila mwezi wapime amepungua kiasi gani. Akawauliza kama yeye ni gunia la mahindi. Hakurudi tena. Wembe aliuacha mwenyewe, hana wazimu. Lakini mashine na mkasi, hapo hataki kusikia la mtu. Alichokiogopa ni kimoja tu: taarifa zimfikie bwana leseni, duka lifungwe naye bado ananyoa. Akae nyumbani akodolee macho ukuta? Bora wamzike kabisa.

Jumamosi iliyofuata mteja akaja, akafungwa shuka shingoni, akaomba yale yale. Koti lake lilikuwa limetundikwa mlangoni; mke wa kinyozi, Mungu amsamehe, akatia mkono mfukoni. Akachomoa kijidaftari, akakisoma kwa sauti:

"Kioo, hesabu ya thelathini. Kioo, ishirini na nne. Mkasi umeanguka mara moja. Kioo, kumi na tisa. Ulimi mzito kidogo, lakini bado anacheka."

Kinyozi akazima mashine.

"Ala! Si nilisema! Mimi nakunyoa, wewe unanipima?" Ulimi ukamkwama, akaulazimisha. "Kawaambie waliokutuma! Mkono wa kulia ukifa, nitanyoa kwa wa kushoto. Wa kushoto nao ukifa, nitakaa kwenye kiti hicho hicho niwatukane wateja mpaka wanyoane wenyewe. Leseni yangu haing'oki ukutani. Haya, toka!"

Mteja hakuinuka. Alikuwa akihangaika na kifungo cha shuka shingoni. Vidole vikateleza mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Dada, nifungulie."

Mke akafyonza. "Kwani huna mikono?"

"Ninayo kidogo." Akamgeukia kinyozi. "Hakuna aliyenituma, kaka. Na mimi mwezi wa tatu mwaka huu wameniambia ninao ugonjwa huo huo. Nilisikia kule hospitali kwamba wewe umenitangulia mwaka mmoja tu. Nikitoka hapa Jumamosi, huwa siogopi mpaka Jumatano."