Tone Juu ya Injini

Fundi cherehani alichovya kidole kwenye kikombe cha maji, akadondosha tone moja juu ya injini mpya ya kigari chake cha rimoti. Tone likiruka, injini inaungua. Likituama, bado baridi.

Tangu asubuhi kigari kilikuwa kikikohoa moshi uani na kutema mafuta kama mtoto aliyelazimishwa dawa.

"Shemeji, kaza hiyo skrubu ya kupunguza mafuta kikimbie!" kaka wa mumewe alipiga kelele. "Tutaota mvi hapa!"

"Injini yako uliikaza mapema, kabla haijazoea kazi, ikafa," fundi alijibu. " Mwache mwanangu akue."

Tone lilichemka taratibu, likakauka bila kuruka; joto lilikuwa sawasawa.

Akakaza skrubu kiasi cha unywele, ameinamisha sikio kama anavyosikiliza cherehani yake. Kikohozi kikakoma. Moshi ukawa mwembamba kama uzi, na sauti ikapanda, kali, safi, mpaka mbwa wa jirani akanyamaza.

Akakiachia.

Kigari kilifyatuka hadi ukutani, kikageuka, kikarudi miguuni pake kabla vumbi halijatua.

Shemeji yake akanyoosha mkono kuomba rimoti.

"Ngoja kwanza," alisema fundi. "Injini imekomaa. Wewe bado."