Nukta Iliyombeba Bwana Harusi

Tunu, kichaa wa redio, alikuwa amefunga moja garini mwa bwana harusi wake, itume mahali lilipo gari na joto la injini. Sasa nukta iliyoonyesha gari ilikuwa imesimama kwenye ramani ya kompyuta yake.

“Mume kakimbia, mwanangu,” shangazi Mwanaheri alimtania.

“Injini imechemka tu, shangazi.” Tunu alimwonyesha kipimo cha joto.

Baadaye injini ikapoa kabisa. Ndipo nukta ikaanza kutambaa.

“Gari gani hilo, linakwenda limezimwa?”

“Wanalisukuma!” Tunu alicheka mpaka wanja ukamchuruzika.

Nukta ikapanda mpaka kilele cha kilima kilichotazama ua wao, ikashika mteremko wa kuja uani. Mwendo ukazidi, injini ingali baridi.

Shangazi akatoka mbio. “Jamani, gari linatujia! Ondoeni masufuria ya pilau!”

Wanawake wakayainua. Mmoja, asijue la kufanya, akapiga vigelegele.