Chini ya Mbavu

"Daktari, naomba jina la dawa ya kikohozi tu," Marieta alisema kwenye simu, nyumbani kwake Nyegina. "Mwanangu huyu anakohoaga hivi hivi."

"Mama, sheria hainiruhusu kumwandikia dawa mgonjwa nisiyemwona. Washa kamera, mvue fulana."

Marieta alimvua kwa shingo upande.

Daktari alisogeza uso karibu na kamera. "Tazama chini ya mbavu."

Marieta alitazama. Kila mtoto alipovuta pumzi, ngozi ilizama ndani, ikaacha shimo. Asubuhi alimwogesha kwa mikono yake mwenyewe na hakuliona. Daktari huyu, mwanamke aliyekaa Musoma, ameliona kwenye kioo cha simu kidogo kama kiganja!

"Siandiki dawa," daktari alisema. "Anapumua kwa shida. Mlete hospitali sasa hivi."

Marieta alishafika barabarani, mtoto kifuani, anaita bodaboda.