Skrini ya Tatu

Shaweji, mchoraji wa ramani za nyumba, aliingia dukani na baba yake, akaomba skrini kubwa ya kompyuta, ya kazi na ya gemu. Hakusema kwamba gemu lenyewe ni la mpira, wanalocheza wawili hao kila Ijumaa, wala kwamba tangu macho ya mzee yaanze kufifia, anafungwa mabao kumi.

Muuzaji akawasha ya kwanza, ikatokea mechi ya mpira.

"Baba, mpira unauona?"

"Wachezaji nawaona."

Akawasha ya pili. Mzee akakunja uso, akapangusa macho.

Wakasogea kwenye ya tatu, kubwa kuliko zote.

"Hapo sawa, mwanangu!" mzee akasema upesi. "Mpira ule, unaviringika!"

Muuzaji alikuwa bado anatafuta swichi ya kuiwasha.

"Tunachukua hii," Shaweji akasema. Kwenye kioo cheusi walionekana wao wawili, bega kwa bega, mzee akitabasamu.