Kina cha Mbegu

Mara ya kwanza, Koplo mstaafu Mwasumbi alifukia mbegu za mahindi kwa kina alichozoea kutegea mabomu vitani, zikaoza zote. Askari wastaafu wenzake kwenye mafunzo ya kilimo ya serikali walimcheka: "Koplo, ulikuwa unamtegea nani? Panya?" Akapanda upya. Zisipoota safari hii, atalikosa shamba wanalopewa wahitimu.

Leo bibi shamba Tumsifu alikagua mstari kwa mstari, Mwasumbi nyuma yake, jasho likimtoka.

"Yameota yote, baba. Shamba ni lako!"

Wenzake wakalipuka kwa shangwe. Mwasumbi akayageukia mahindi, akabana visigino, akayapigia saluti. Upepo ukapita, na majani machanga yakainama mstari mzima.