Vijitaa vya Kijani

"Hivi marehemu mlimkuta mbali na mlango?"

Jirani aliuliza hivyo msibani, kikombe mkononi. Mjane alijifunika uso.

Sasa ghala lilikuwa la mwanawe, na asubuhi hiyo fundi alikuja kuzungumzia taa za dharura.

"Paa lenu liko juu mno," fundi alisema. "Kila taa ikiwa na betri yake kule, joto la bati linaiua, na nani atapanda kuipima? Wekeni betri kubwa hapa chini, kwenye chumba maalumu, ziwashe taa zote. Mtazikagua mmesimama."

"Gharama hizo," mwana alisema. "Zile za mzee zinatosha. Betri nimebadilisha juzi juzi tu. Tazama, vijitaa vya kijani vya chaji vyote vinawaka."

"Hata siku baba yako alipokufa humu viliwaka," mama alisema.

"Baba aliuawa na moshi wa ule moto, mama, si giza. Usinitie nuksi."

Mama akawaambia fundi na wapakiaji wakanywe chai. Akaomba simu ya mwanawe, ampigie shangazi. Akaufunga ule mlango mzito, vumbi lisiingie.

"Baba, nichukulie katoni ya sabuni kule mwisho," akamwambia mwanawe.

Mwana alikuwa ameshaishika katoni umeme ulipokatika.

Wiki hiyo ulikuwa ukikatika hovyo, kwa hiyo akasubiri taa za juu ziwake. Hazikuwaka. Hata moja. Ghala halikuwa na dirisha. Alipoinua kiganja mbele ya macho hakukiona.

"Mama!"

Sauti ikapanda hadi kwenye bati, ikamrudia kutoka kila upande. Alimsikia mama akisali, lakini sala nayo ilizunguka, mara kulia kwake, mara nyuma yake. Akaharakisha. Goti likagonga chuma. Kitu kizito kikaanguka ubavuni pake, akapiga ukelele kama mtoto. Alipapasa marobota, akageuka, akapapasa marobota yale yale. Akakaa chini akilia, jasho likimtiririka.

"Mama, nafia humu!"

"Nyoosha mkono." Mama alikuwa karibu kabisa, na sauti yake ilitetemeka kuliko ya mwanawe.

Akanyoosha. Vidole vikagusa chuma baridi cha mlango.

"Hapo ulipokaa," mama alisema, "ndipo tulipomkuta baba yako."

Akausukuma mlango. Mwanga ukaingia. Ng'ambo ya barabara mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma, na kando yake mchomeleaji alikuwa akirusha cheche.

Mwana akajipangusa macho, akatazama, akatazama tena.

"Mama... mbona kwao umeme upo?"

Mama akamrudishia simu yake. Juu ya simu akaweka ufunguo wa sanduku la swichi kuu lililokuwa pale kando ya mlango, akatoka.