Harufu Isiyobaki Nyuma

"Kitendawili!" akasema Mama Salomé, kitambaa puani.

"Tega," akajibu Papa Lazare, karani mstaafu aliyeketi kiti cha mbele yake. Alikuwa amevua viatu, na soksi zake zilinuka kama samaki waliosahauliwa guniani.

"Tunakiangusha chini, lakini hakibaki nyuma."

"Umenishinda, mama."

"Harufu ya choo cha hii wago! Ongeza na soksi zako, papa."

Behewa zima likacheka, kisha kila mmoja akaziba pua tena.

Choo chenyewe kilikuwa tundu tu, likitazama reli. Nzi wa kijani walitoka humo wakatua kwenye mihogo, kwenye midomo ya watoto, kwenye soksi zile. Hata jogoo wa zawadi, chini ya kiti cha Salomé, alikuwa anajinyea bila haya. Salomé akatema mate dirishani. Siku ya nne hiyo, na chakula alikuwa anameza macho amefumba.

Lakini kushuka, hapana. Muntu akishuka, kiti kinaenda. Na Jumamosi, kule Lubumbashi, binti yake wa pekee, Chloé, alikuwa anaolewa. Siku ya kwanza Salomé alimpigia simu: "Usiingie ku kanisa bila miye, mama. Niko mu treni." Siku ya pili simu ikazima.

"Tutafika lini?" aliuliza kila asubuhi.

"Machini ikikubali kuvuta, kesho," alijibu kondakta, akipita upesi, pumzi ameibana.

Jumamosi ikapita. Salomé alilia ndani ya kitambaa kilekile, maana kukitoa puani hakuthubutu.

"Shuka basi, mama," Papa Lazare akamwambia.

"Weye unataka kunyoosha miguu yako hapa! Hata nikute banaosha sahani, nitafika."

Jumanne mkono ukagonga dirisha. Salomé akageuka. Chini walisimama Chloé na mumewe, pete mpya iking'aa kwenye mkono uliobana pua.

"Mama, tulikungoja mpaka bantu bakachoka. Tumekuja na bus mpaka ku nyumba yako, tunakuta kufuli. Majirani banasema uko palepale."

Nyuma yake, ukutani mwa stesheni, zilikuwepo herufi zilezile Salomé alizoziona siku alipopanda: KAMINA.